Poka ya Lodwar, Sheria za Kakuma

Mtu aliyejifunzia poka kwenye meza ya kasino, akazoea kusoma uso wa mwenzake na kupandisha dau, akiketi na vijana wa stage ya bodaboda mjini Lodwar atapigwa tangu mkono wa kwanza. Karata ni zilezile 52, lakini mchezo ni mwingine kabisa. Poka wanayoicheza Wakenya, kuanzia mabweni ya shule za upili hadi vivuli vya mathenge kando ya barabara ya Kakuma, imeazima jina tu la ile ya Las Vegas. Haina jozi za kupanga wala dau la lazima. Mshindi ni yule anayetangulia kubaki mikono mitupu.

Sheria zake huelezwa kwa dakika tano na kubishaniwa miaka na miaka. Kila mchezaji hugawiwa karata tatu au nne. Moja hufunuliwa katikati, zilizobaki hulazwa kifudifudi kando yake. Anayefikiwa na zamu hutupa karata inayolingana na iliyo juu, ama kwa namba ama kwa alama. Asiyekuwa nayo huokota. Mbili humwokotesha anayefuata karata mbili, tatu humwokotesha tatu, jokeri humwokotesha tano. J humruka mtu mmoja, na wachezaji huiita jampu. K hugeuza mzunguko urudi ulikotoka, nayo ni kikbeki. Nane na Q ni maswali: anayetupa swali sharti alifuatishe na jibu la alama ileile, la sivyo aokote. Esi huzima adhabu, na pasipo adhabu humpa mwenye kuitupa ruhusa ya kuagiza alama anayoitaka. Aliyekaribia kumaliza lazima atangaze "niko kadi" kabla zamu haijamrudia. Akisahau, hamalizi hata kama karata aliyobaki nayo inaingia sawasawa. Wala hawezi kufunga kwa adhabu, swali, jampu au kikbeki. Hufunga kwa jibu: nne, tano, sita, saba, tisa au kumi.

Tazama jinsi mzozo unavyozaliwa. Watu wanne wamezunguka katoni iliyokunjuliwa chini ya mwarobaini. Juu kuna sita ya maua. Wa kwanza anatupa mbili ya maua. Wa pili, badala ya kuokota, anashusha mbili ya mioyo na kuisukuma adhabu mbele. Wa tatu hana mbili wala esi. Je, aokote mbili, kwa kuwa adhabu imehama tu, au aokote nne, kwa kuwa adhabu mbili zimejumlishwa? Kuna mitaa inayosema mbili na kuna mitaa inayosema nne, na kila upande huapa kwamba ndivyo poka ilivyo tangu zamani. Kama jambo hilo halikusemwa kabla ya karata kugawiwa, mchezo husimama papo hapo, na mara nyingine wachezaji hutawanyika.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu huanza kwa maneno. Mbili zinajumlishwa au zinahama? Esi ya shupaza ina nguvu za mbili au ni esi kama nyingine? Wakiwa wawili tu, K inafanya nini? Maswali haya huulizwa haraka haraka huku pakiti ikichanganywa, na anayesikiliza kwa mbali anaweza kudhani ni porojo. Hizo ndizo sheria zenyewe zikitungwa. Poka ya Kenya haina chama kinachoiamulia wala kitabu ambacho kila mtu anakitambua. Ina desturi hiyo tu ya kukubaliana kwanza, na desturi hiyo inastahili historia yake.

Pakiti yenyewe ilizunguka dunia kabla ya kufika Afrika Mashariki. Karata zilianzia Uchina. Zilipofika Misri ya Wamamluki zilikuwa zimeshakuwa 52, za alama nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Pakiti moja ya aina hiyo imehifadhiwa katika jumba la Topkapi mjini Istanbul, nayo ilikuja kujulikana na wataalamu mwaka 1931. Haina malkia. Ina mfalme, naibu wake, na naibu wa pili. Kutoka bandari za Misri karata ziliingia Ulaya kwa kasi ya kushangaza, na kufikia mwaka 1377 mji wa Florence ulikuwa tayari unazipiga marufuku. Wafaransa ndio walioweka alama tunazozijua leo, karibu mwaka 1480, kwa kuwa zilikuwa rahisi kuchapa kwa rangi mbili.

Kwenye pwani ya Waswahili karata zina chapa ya Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593, na Waomani wakaiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Wareno walipoondoka waliacha mizinga, misalaba michache, na pakiti ya karata. Kopa, shupaza, uru na pau ni majina ya Kireno yaliyovaa kanzu, na turufu vilevile.

Lakini ushahidi mzito zaidi umo katika hesabu za mchezo. Katika mchezo wa zamani wa pwani, nane, tisa na kumi hutolewa, zikabaki karata 40. Ree, yaani esi, ina pointi 11, saba ina 10, mfalme (K) ana 4, ghulamu (J) ana 3, na bibi (Q) ana 2. Ndiyo sababu wazee wa Mombasa, Lamu na Unguja walimwita mfalme mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, na bibi mzungu wa pili. Kila alama ina pointi 30, pakiti nzima ina 120, na anayefikisha 61 ameshinda. Hesabu hiyo, pamoja na saba kuwa kubwa na ghulamu kumpita bibi, ndiyo inayotumika Ureno hadi leo katika mchezo wa bisca. Mabaharia walizifundisha sheria hizo kwa kucheza na wenyeji, na wenyeji wakazitunza kwa karne nyingi bila kuziandika popote. Waislamu wa pwani walizicheza bila pesa pale walipotaka kuheshimu marufuku ya kamari, na mchezo ukabaki na ladha yake kwa sababu uzito wake ulikuwa katika kukumbuka karata zilizokwisha toka.

Turkana ilikuwa mbali na hayo yote. Hata hivyo haikuwa nchi isiyo na michezo ya akili. Wazee wa Kiturkana, wakiwa wameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho pia ni mto wa kulalia, wamecheza tangu zamani mchezo wa kokoto na vishimo, ndugu wa bao la pwani, ajua ya Wajaluo na omweso wa Waganda. Ukoo wa mchezo huo ni mkongwe katika Kenya nzima: pale Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mabao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe. Faida yake kwa wafugaji wanaohama ni wazi. Hakuna cha kubeba. Vishimo huchimbwa kwa kidole kwenye mchanga, kokoto huokotwa kandokando, na mifugo inapohama ubao huachwa nyuma. Nako kujifunza ni kwa macho. Kijana huketi pembeni ya wakubwa, akaangalia, akakaripiwa kwa kuropoka, mpaka siku moja anaambiwa aketi. Mtu aliyelelewa hivyo hakuona ajabu baadaye kujifunza karata bila kitabu.

Karata zenyewe zilikuwa na kizuizi kikubwa zaidi ya umbali. Serikali ya kikoloni iliitiisha Turkana kwa jeshi, na msafara mkubwa wa Labur wa mwaka 1918 uliwanyang'anya watu mifugo na silaha kwa ukatili ambao bado unasimuliwa. Baada ya hapo wilaya ilifungwa. Sheria za mwaka 1902 na 1934 kuhusu wilaya za pembezoni zilimtaka mtu wa nje awe na kibali kabla ya kuingia. Mwaka 1933 mfanyabiashara aitwaye Shah Mohamed alifika ukingoni mwa mto Turkwel, na mji wa Lodwar ukaanza kukua kuzunguka maduka, zahanati na ofisi za serikali. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa waliokuwa na sababu ya kubeba pakiti ya karata mpaka Lodwar walikuwa wachache na wa aina zinazojulikana: askari, polisi, makarani, wenye maduka, na walinzi wa magereza.

Hao walinzi walikuwa na kazi maalumu. Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria walifungwa Lokitaung, kaskazini zaidi, na kifungo chake kilipoisha mwezi wa Aprili 1959 aliletwa Lodwar akae chini ya amri ya kutotoka, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Nyumba aliyokaa bado ipo mjini. Lodwar ya wakati huo ilikuwa kituo cha serikali ambako watu wa makabila mengi walikaa pamoja kwa lazima, wengine wakilinda na wengine wakilindwa, mchana ukiwa na joto lisiloruhusu kazi. Mazingira kama hayo, popote duniani, yamekuwa shule ya karata.

Mlango ulifunguliwa na njaa. Ukame wa mwaka 1960 na 1961 ulileta kambi za chakula, na nyuma yake wakaja wamishonari wa Kanisa Katoliki na wa Africa Inland Church (AIC), wakajenga shule na zahanati. Dayosisi ya Lodwar iliundwa mwaka 1978. Njaa nyingine ikafuata kuanzia 1979. Katika miaka hiyo wafadhili wa Norway waligharimia barabara ya lami kutoka Kitale na kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol. Lori zikaanza kupita mchana na usiku, na mwaka 1989 mpango wa misaada wa Operation Lifeline Sudan uliufanya mji mdogo wa Lokichoggio kuwa uwanja wa ndege wenye shughuli nyingi. Madereva, utingo, mafundi, makuli na wanafunzi waliorudi likizo kutoka shule za bweni za kusini wakawa ndio walimu wapya. Utingo anayengoja shehena siku tatu ana muda wa kumfundisha mtu mchezo wowote.

Shule za bweni zilichangia kuliko zinavyokubali. Karata zilipigwa marufuku karibu kila bweni la Kenya, na karibu kila bweni la Kenya lilizicheza, chini ya blanketi, kwa mwanga wa tochi. Ndiko poka ilikopata umbo lake la kitaifa. Mvulana wa Lodwar, wa Kisumu na wa Kilifi walifika kidato cha kwanza kila mmoja na mchezo wa kwao, wakatoka kidato cha nne wakiita "niko kadi" kwa sauti moja. Karata ilipopotea, jokeri iliandikwa kwa kalamu ikachukua nafasi yake, na mchezo ukaendelea.

Kisha ikaja Kakuma.

Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilipoanguka Ethiopia mwezi wa Mei 1991, Wasudani waliokuwa kambini huko walifukuzwa, miongoni mwao maelfu ya wavulana waliokuwa wametembea bila wazazi. Walivuka tena Sudan, wakaingia Kenya, na mwaka 1992 kambi ikafunguliwa kando ya laga ya Tarach, kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Waethiopia na Wasomali walikuja muda si mrefu. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waganda na Waeritrea. Kambi iliyofikiriwa kuwa ya muda imezaa mitaa, masoko, makanisa, misikiti na mikahawa, ikafuatiwa na makazi ya Kalobeyei, na leo mataifa zaidi ya 20 yanaishi pale pamoja na Waturkana wenye nchi.

Kila taifa lilikuja na karata zake kichwani. Wasomali walikuja na turub, mchezo wa watu wanne wanaocheza wawili wawili, wenza wakitazamana. Waethiopia wana michezo ya kukusanya mafungu, ya ukoo wa rami. Wasudani Kusini, juu ya karata, wanaipenda sana dhumna, na mlio wa vipande vyake mezani ni sauti ya kawaida pale. Lakini mchezo unaowavuta watu wa lugha tofauti kwenye mkeka mmoja ni ule wa kumaliza karata, kwa sababu karibu kila mtu anafikiri anaujua.

Na hapo ndipo penye tatizo. Mchukue Mkenya, Mganda na Mkongo, uwape pakiti moja. Mganda anaujua mchezo huo kwa jina la matatu, na hugawa karata saba. Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa anauita huit américain. Mtanzania akipita atauita lasti kadi. Sasa itupwe nane. Kwa Mkenya, nane ni swali, na aliyeitupa lazima alijibu mwenyewe. Kwa Mganda, nane humruka anayefuata. Kwa Mkongo, nane ndiyo karata kuu iliyoupa mchezo jina lake: inaingia juu ya alama nyingine, na aliyeitupa huagiza alama mpya. Karata moja, sheria tatu, na kila mmoja ana uhakika. Saba nayo ina mtego wake: kwa Mkenya ni jibu la kawaida la kufungia, lakini katika matatu saba ya alama iliyochaguliwa huukata mchezo papo hapo, wachezaji wakahesabu walichobaki nacho, na mwenye pointi chache akatwaa ushindi.

Tofauti hizi si makosa ya mtu yeyote. Mchezo huu ulienea duniani bila mwenyewe. Marekani uliitwa Crazy Eights kufikia miaka ya 1940. Wajerumani wanaucheza kwa jina la Mau-Mau, jina ambalo Mkenya hawezi kulisikia bila kushtuka. Mwingereza William Henry Storey aliutolea karata maalumu miaka ya 1930 na kuziita Whot, ambazo Nigeria imezifanya zake. Kinyozi wa jimbo la Ohio, Merle Robbins, alitengeneza Uno mwaka 1971. Hao wawili waliandika sheria kwenye karatasi na kuziweka ndani ya boksi. Sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na boksi, ilikuwa na pakiti ya kawaida ya 52 na ulimi wa kujadiliana.

Kakuma inafanya hivyo kwa Kiswahili. Mkenya wa Lodwar anakisema, Mkongo na Mrundi walikuja nacho, Msomali na Msudani Kusini wanakiokota sokoni na shuleni. Kabla ya mchezo kuanza, mtu hushika nane juu na kuuliza hii inafanya nini leo, na wenye mkeka hujibu. Mgeni hucheza sheria za wenyeji wa pale, na mkeka ukihamia mtaa mwingine, sheria hubadilika. Anayeshindwa humpisha anayengoja, na yule anayengoja amekuwa akitazama muda wote, kwa hiyo akiketi ameshajua. Ni ujuzi mkubwa, na haukufundishwa na shirika lolote. Watu waliopokonywa karibu kila uamuzi wa maisha yao, kuanzia mahali pa kulala hadi kiasi cha unga, wanaketi chini na kutunga sheria zinazowafunga wote sawasawa, kisha wanazitii.

Kasino ni jambo jingine. Mchezo wake mkuu wa karata, ishirini na moja, ambao ulimwengu unaujua kwa jina la blackjack, una umri mkubwa. Cervantes aliutaja katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1613, na ulienea Ufaransa kabla ya kupata makao ya kudumu katika jimbo la Nevada lilipohalalisha kamari mwaka 1931. Kuujifunza ni rahisi kuliko poka ya Lodwar. Karata za picha zina thamani ya 10, esi ni 1 au 11, lengo ni kukaribia 21 bila kuipita. Mchezaji huamua kuongeza karata au kutosheka. Mgawaji hana uamuzi: huongeza mpaka afikishe 17, kisha husimama.

Siri imo katika mpangilio wa zamu. Mchezaji hucheza kwanza, na akipita 21 pesa yake imekwenda hata kama mgawaji naye atapita baadaye. Mwenye 16 mkononi anayeongeza karata huangushwa na aina nane kati ya 13: sita, saba, nane, tisa, kumi, J, Q na K. Asipoongeza, anamwachia mgawaji mwenye 10 wazi nafasi kubwa ya kumpita. Njia zote mbili zinaumiza, na kasino imejenga jengo lake juu ya mahali hapo. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani, wakitumia mashine za kujumlishia za ofisini, walichapisha uamuzi bora kwa kila hali katika jarida la takwimu. Mwaka 1962 mwanahisabati Edward Thorp akaonyesha katika kitabu kwamba anayezihesabu karata zilizotoka anaweza kuishinda nyumba. Makasino yakajibu kwa kuongeza pakiti, kuchanganya mapema na kuwatoa nje wahesabuji. Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Kwenye mkeka wa Kakuma sheria zikimwonea mmoja, atalalamika na zitajadiliwa upya mkono unaofuata. Kwenye meza ya kasino upande mmoja tu ndio unaobadilisha sheria, na upande huo ndio unaopokea pesa.

Kenya iliitungia kamari sheria mwaka 1966, Sura ya 131, ikaunda bodi ya kutoa leseni. Makasino yakakulia Nairobi na Mombasa, yakiwalenga watalii na wenye nacho, na mtu wa Turkana hakuwa na la kufanya nayo. Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha ramani hiyo kimyakimya. Jedwali lake la Nne linaweka kamari na kasino miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, katika fungu moja na utamaduni na burudani za umma, huku serikali kuu ikibaki na zile za kiwango cha kitaifa. Tangu mwaka 2013, basi, Lodwar ni makao ya serikali yenye mamlaka juu ya jambo hili.

Lakini kamari haikungoja leseni ya Lodwar. Ilikuja kwa simu. SportPesa ilianza mwaka 2014, kampuni nyingine zikafuata, na kwa kuwa pesa tayari zilikuwa kwenye simu, hakukuwa na haja ya jengo. Michezo ya ndege inayopaa na kuanguka ndani ya sekunde chache ilipowafikia vijana, hakukuwa hata na sheria za kujifunza: kidole kinabonyeza, salio linapungua. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya leseni ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 kutokana na madhara yake kwa vijana, na mwaka huohuo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Ilikuwa haki kuchukua hatua, na ilichelewa.

Kinachosikitisha ni kwamba macho ya watu wazima huona karata na simu kuwa dhambi moja. Polisi akikuta vijana wamezunguka pakiti, dhana ya kwanza ni kamari. Mara nyingine ni kamari kweli, na shilingi ziko chini ya katoni. Mara nyingi ni poka ya kupishana, ambayo mshindi hupata sifa tu na aliyeshindwa husimama. Aliye kwenye mkeka anahesabu karata zilizotoka, anakumbuka nani aliokota alipoagizwa maua, anabishana na kukubali. Aliye peke yake na simu hafanyi hata moja kati ya hayo.

Kila mwaka kaunti hukusanya watu wa jamii za Ateker mjini Lodwar kwa sherehe za Tobong'u Lore. Ngoma, mavazi, vyakula na michezo ya jadi hupata nafasi, kama inavyostahili. Poka ya mikekani haina nafasi, labda kwa kuwa inaonekana changa mno kuitwa utamaduni. Iandikwe. Walimu wa Kiswahili wa Lodwar na wa shule za Kakuma wana wanafunzi wanaojua sheria hizi kwa lahaja kumi; wawape kazi ya kuziandika mtaa kwa mtaa, wakitaja nane inafanya nini pale, mbili zinajumlishwa au zinahama, na nani aliwafundisha. Mchezo wa pwani wa sitini na moja unafifia katika miji mingi huku wenye kuukumbuka wakiwa wazee. Wa Kakuma bado uko hai, na walioutunga wengi wao wangali pale.